Mchi Kwenye Boti

Jumamosi, 5 Julai

Nimekanda unga wa chapati mara mbili tangu asubuhi. Wa kwanza ulikuwa mgumu kama mpira. Wasichana wanakuja leo.

Idrisa ameenda Auburn kwa dada yake kuwachukua. Kabla ya kutoka alinikumbatia kwa nyuma nikiwa jikoni, akanusa shingo yangu, akasema nanukia iliki. Mume wangu. Tuna miezi mitano ya ndoa, hapa Minto, nchi ya Wazungu, nina wiki ya tisa tu, na bado kila nikiandika neno hilo natabasamu peke yangu kama mwehu. Fundi umeme wa Tanga aliyekuja Mwanza kwenye harusi ya binamu yake akaondoka na moyo wangu. Sikujua mtu anaweza kupendwa hivi.

Lakini leo naogopa.

Salma ana miaka kumi na miwili. Husna ana saba. Mama yao, Rukia, alifariki miaka mitatu iliyopita. Tangu msiba wanalelewa na wifi yangu Mwanahawa, dada yake Idrisa. Sasa Idrisa ana mke na anataka wanawe warudi nyumbani. Wifi ametoa sharti moja. Wakae nasi likizo hii ya shule, wiki mbili, halafu Jumapili ya tarehe ishirini tukae kikao kwake na watoto waulizwe wenyewe. Watakalosema ndilo. Mimi sikuulizwa, ila ningekubali. Ni haki.

Chumba chao kiko tayari tangu kabla sijafika. Vitanda viwili, shuka za njano, kabati la droo sita. Kila asubuhi Idrisa huingia mle kufungua pazia. Chumba hakina mtu, na anafungua pazia. Nikikosa watoto hawa nitakuwa nimemkosesha yeye.

Baadaye. Wamefika. Salma aliniamkia shikamoo kama mtu anayelipa nauli. Husna alijificha nyuma ya begi lake la waridi. Wananiita Anti Zawadi. Chapati wamekula moja moja. Mabegi yako pale pale chini, zipu zimefungwa.


Jumapili, 6 Julai

Ninasema nao Kiswahili, wananijibu Kiingereza. Salma hujibu neno moja. Husna humtazama dada yake kwanza ndipo ajibu.

Nilipika pilau. Nilipika maandazi. Nilitengeneza juisi ya ukwaju. Salma alisema asante, akaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma na simu yake. Droo sita, zote tupu. Nimezikagua wakiwa wanaoga. Naona aibu, lakini nimezikagua.

Kisha jioni Idrisa akafungua gereji kutafuta bisibisi, na Salma akamfuata, na nikasikia sauti yake kwa mara ya kwanza ikiwa na uhai. Mle ndani kuna ufito wa kuvulia uliokuwa wa mama yao. Kila Julai, Rukia alipokuwa hai, familia ilikuwa inaenda kwenye ziwa kubwa ng'ambo ya milima kutafuta samaki mmoja tu. Wazungu wana jina lao. Idrisa na Rukia walimwita chewa, kwa vile anafanana na chewa wa kule kwao Tanga, mdomo mpana na madoa ya kijani. Mtu anaweza kumtafuta miaka asimpate. Rukia alimpata mara moja. Salma hajampata kamwe. Tangu msiba hawajarudi.

Salma alimuuliza baba yake kama wanaweza kwenda. Idrisa akanitazama mimi. Mimi, binti wa muuza samaki wa Kirumba. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza kunitazama.


Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba. Nyumbani watu wako maonyeshoni. Mimi nafunga mizigo na ninaimba.

Samaki ndicho kitu pekee ninachokijua kuliko wote ndani ya nyumba hii. Nimekulia juu ya meza ya samaki. Nikitazama shavu najua alitolewa majini lini. Nimepanga kila kitu. Watamvua, na mimi nitampika pale pale ziwani, nimkaange kidogo halafu nimpake nazi. Watakula samaki wao wa kwanza kutoka mkononi mwangu. Hapo ndipo mambo yatakapobadilika. Najua.

Mama nilimpigia simu. Akacheka mwenyewe kwa furaha. Akasema, "Mwanangu, samaki mkubwa usimwache apapatike. Mpige kichwani hapo hapo, la sivyo nyama inalegea na mume atasema hujui kupika." Nikamwambia mama, hilo nalijua toka nina miaka sita. Nimetia mchi mdogo wa kinu kwenye mfuko wangu, pamoja na chumvi, ndimu na makopo mawili ya tui.

Idrisa alitumia saa nzima kuandaa vifaa sebuleni. Akanieleza mengi. Jinsi ya kufunga chambo cha bandia. Koti la kujiokolea. Sheria za ziwa, vipimo, kuna rula ya kubandika ndani ya boti. Nikiri hapa kwa sababu hakuna anayesoma: nusu sikuisikia. Nilikuwa natazama mikono yake. Jinsi anavyokunja nailoni kwenye kidole kama anavyokunja waya. Nilipomwambia nitampaka nazi huyo chewa alicheka mpaka akafuta machozi, akanibusu paji la uso. Mwanaume huyu.


Jumatano, 9 Julai

Safari ya saa sita. Milima, halafu kondoo, halafu kondoo tena. Husna alitapika mara moja. Nilimfuta uso kwa kanga yangu na hakukataa.

Tumepanga kibanda cha mbao karibu na maji. Baridi ya hapa sijawahi kuiona. Nyasi nyeupe asubuhi kama zimemwagiwa chumvi. Ziwa lenyewe ni la ukuta, watu walizuia mto miaka mingi iliyopita, na msitu uliozama bado umesimama ndani. Miti mia, mia mbili, yote mikavu, imetoa vichwa nje ya maji. Ziwa letu kule nyumbani lina kelele, lina mawimbi, lina watu. Hili limenyamaza. Silipendi, ila sitamwambia mtu.

Salma alitoka garini akaenda moja kwa moja mpaka ukingoni. Alisimama pale muda mrefu. Idrisa alitaka kumfuata, nikamshika mkono.


Alhamisi, 10 Julai

Siku nzima kwenye boti. Hakuna kitu.

Kazi ni kurusha na kuvuta, kurusha na kuvuta. Chambo ni kikubwa kama kiatu cha mtoto, cha plastiki, kina ndoana tatu. Salma anarusha vizuri sana. Unasikia mlio mwembamba halafu kinatua mahali alipotaka, hatua moja kutoka kwenye mti. Husna ndiye anayehesabu. Anahesabu kwa Kiswahili, kumbe anajua, mpaka mia nne na kumi na mbili. Nilimpongeza. Akaacha kuhesabu.

Vidole vyangu vimepoteza hisia. Sisemi. Nimewabebea chai ya tangawizi kwenye chupa na Salma amekunywa vikombe viwili. Vikombe viwili. Nimeandika mara mbili kwa sababu ndiyo habari njema ya leo.

Husna alinionyesha picha kwenye simu ya dada yake. Rukia amepiga magoti ndani ya maji ya ukingoni, nguo zimelowa mpaka kifuani, amemkumbatia chewa mkubwa nusu ndani ya maji nusu nje, anacheka. Alikuwa mzuri. Nilitafuta wivu ndani yangu na nikaukuta, kidogo. Husna akasema mama alimpiga busu yule samaki. Nikacheka. Nikawaza, nani anambusu kitoweo.


Ijumaa, 11 Julai

Hakuna kitu. Na baya zaidi. Wakati wa kupandisha boti saa tisa Idrisa aliteleza kwenye majani ya majini akaanguka vibaya. Kifundo cha mguu kimevimba kama embe. Amekataa hospitali, anasema hakijavunjika, anaweza kukikanyaga kidogo. Nimemkanda kwa barafu ya kwenye friji ndogo ya kubebea samaki. Friji haina samaki.

Jumapili asubuhi tunaondoka. Imebaki siku moja. Salma hakula. Alisema kwa Kiingereza kwamba haidhuru. Najua sauti hiyo. Ndiyo niliyokuwa nayo mimi baba yangu alipoahidi kurudi.

Nimesema kesho nitawapeleka mimi. Nitapiga makasia, hatutawasha injini, tutabaki kwenye ghuba iliyo mbele ya kibanda, Idrisa atatuona kutoka kitini. Akasema, "Zawa, hujawahi kuendesha boti." Nikamwambia nimezaliwa Mwanza. Hilo si jibu, lakini alitaka kuliamini kama mimi.


Jumamosi, 12 Julai

Naandika nikiwa bafuni. Ndipo penye mlango unaofungwa.

Nitaandika jinsi ilivyokuwa.

Tulitoka saa tatu, jua likiwa limeyeyusha barafu. Mimi makasia, Salma mbele na ufito wa mama yake, Husna katikati. Idrisa kitini ukingoni, mguu juu ya friji. Nilikuwa napiga makasia vibaya, tunazunguka, na Husna akaanza kucheka, na Salma akageuka akaniambia kwa Kiswahili, "Anti, la kushoto zaidi." Kwa Kiswahili. Nilikuwa na furaha ambayo sasa naionea aibu.

Kwenye mti wa tatu ufito ulipinda.

Haukutikisika, ulipinda tu na kubaki hivyo, kama umenasa kwenye gogo. Kisha gogo likaanza kutembea. Salma akapiga kelele, "Nisaidie, nisaidie, Anti nishike." Nikaacha makasia, nikamkumbatia kiunoni, miguu tumeikaza, na boti nzima ikawa inavutwa. Alikuwa analia na kucheka. Nilisikia moyo wake kwenye mikono yangu. Dakika kumi, ishirini, sijui. Husna alishika wavu. Maji yakafunguka na kichwa kikatokea. Sijawahi kuona kichwa kama hicho. Kipana kama ungo mdogo. Madoa ya kijani na dhahabu.

Mimi na Husna tulimuingiza kwenye wavu. Sisi wawili tukamvuta ndani. Ukingoni Idrisa alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, mikono yote juu, kama timu yake imefunga.

Samaki akaanza kupapatika.

Sikufikiri. Mkono wangu uliingia kwenye mfuko, ukatoka na mchi, nikampiga kichwani mara mbili. Mahali panapotakiwa. Alitetemeka mara moja akatulia. Hata nilisema bismillahi. Nikainua uso nikitabasamu. Nilitaka kumwambia Salma, nyama yake itakuwa ngumu na tamu.

Salma alikuwa ameloa mikono yote miwili. Alikuwa ameiingiza majini ili ailoweshe, tayari kumshika. Aliitoa taratibu ikidondosha maji.

Alisema, "Umemuua."

Kule ukingoni mikono ya Idrisa ikashuka.

Sikuelewa. Husna ndiye aliyenielewesha, kwa sauti ndogo, huku anamtazama samaki na si mimi. Wakubwa hawauawi. Wakubwa ndio mama, wana mayai. Unampima, unambusu, unamwachia. Mama alimwachia wake. Mama aliwaambia wakija tena watamkuta yule yule anawasubiri, amekua.

Pembeni ya goti langu kulikuwa na rula iliyobandikwa. Niliikalia siku tatu.

Salma hakupiga kelele tena. Alikaa, akamvuta samaki mapajani, akamwekea mkono juu ya jicho. Nilipiga makasia kurudi. Safari hii boti ilienda moja kwa moja.


Jumamosi hiyo hiyo, saa kumi

Idrisa alipiga simu mwenyewe kwa watu wa uvuvi. Nilimsihi asipige. Niandike na hilo. Nilimwambia tumzamishe tu, nani atajua, nikamshika shati. Akanitazama kama mtu asiyenifahamu, akasema, "Salma atajua."

Mama mmoja wa makamo akaja, mwenye mabuti ya mpira. Alipima. Sentimita mia moja na nne. Mwisho unaoruhusiwa ni sabini na tano. Akauliza nani. Nikasema mimi. Akaniuliza kama nilijua sheria. Nikasema mume wangu alinieleza na mimi sikusikiliza. Aliandika onyo, akanipa nakala. Hakunigombeza. Alisema samaki wa ukubwa huu huenda anakaribia umri wangu. Nina miaka ishirini na sita. Akamfunga kwenye turubai akaondoka naye.

Salma alimsindikiza yule mama mpaka kwenye gari. Kumsindikiza samaki, namaanisha.

Makopo mawili ya tui yako mezani. Sijui niyafanyie nini.


Jumapili, 13 Julai

Tumerudi. Saa sita bila neno. Nimeendesha nusu ya njia mimi, kwa sababu ya mguu wa Idrisa, leseni ya nyumbani mfukoni na mikono inauma. Kwenye kioo nilimwona Salma macho wazi, hatazami kitu. Ufito ameulaza mapajani.

Idrisa hanichukii. Amenishika mkono tulipofika. Lakini aliushika kama unavyomshika mgonjwa.


Jumatatu, 14 Julai

Nimemwomba Salma msamaha. Alisema "okay". Nikaomba tena mchana. "Okay." Nikaoka keki, nikaiweka mlangoni kwake. Imerudi jikoni nzima, na alama ya kidole kimoja kidogo pembeni. Husna.

Mama alipiga kuuliza habari za samaki. Nikamwambia alikuwa mkubwa. Nikakata simu nikalia kwenye taulo.


Jumanne, 15 Julai

Asubuhi nilikuta mabegi yao yamesogezwa. Yako karibu na mlango wa chumba.

Zimebaki siku tano. Sina kitu. Nimepika kila ninachojua kupika. Kila nikiingia chumbani wananyamaza. Idrisa leo hakufungua pazia. Wamo ndani, sawa, ni wao wa kufungua. Lakini aliposimama nje ya mlango ule na chai mkononi halafu akageuka, nilitamani ardhi inimeze. Miezi mitano nilikuwa najiona zawadi, jina langu lenyewe. Na nilikuja kuvunja.


Jumatano, 16 Julai

Wifi Mwanahawa amepiga. Niliipokea simu nikiwa nimesimama, kama naitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Wifi, nasikia mlirudi na ndimu bila samaki."

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Usininyamazie, mimi si polisi. Ulimpiga na nini?"

"Mchi."

"Mchi upi?"

"Wa kinu cha vitunguu saumu."

Halafu nikasikia kitu nikadhani anakohoa. Alikuwa anacheka. Alicheka peke yake, akaacha ghafla. Akasema, "Sikiliza. Yule mtoto hakulia kwenye msiba wa mama yake. Miaka mitatu nimemtazama, hajalia. Jana amenipigia amelia saa nzima. Sijui nikushukuru au nikununie."

Nikamuuliza nifanye nini. Ni mara ya kwanza nimemuuliza kitu.

Akasema, "Acha kupika, wifi. Utawanenepesha tu wakuchukie wakiwa wanene."

Akakata.


Alhamisi, 17 Julai

Sikupika. Tumekula mkate.

Nilichukua ufito wa Idrisa, si ule wa Rukia, ule siugusi, nikaenda kwenye uwanja wa nyasi nyuma ya nyumba. Sikuwa na mpango wa maana. Nilifunga nati ya bomba badala ya chambo ili nisimtoboe mtu. Nikarusha. Nati ikaanguka mguuni pangu. Nikarusha. Ikaingia kwenye mti. Mzee mmoja wa Kizungu mwenye mbwa akasimama kutazama, akaniambia mama, huko hakuna samaki. Nikamwambia najua.

Nilirusha mpaka kiganja kikachubuka. Ukweli ni kwamba sikuweza kukaa ndani ya nyumba ile.

Husna alikuja kwanza. Akaketi kwenye uzio, akaanza kuhesabu. Kumi na moja, kumi na mbili. Alipofika thelathini Salma alikuwa nyuma yake, kofia ya jaketi imeficha uso. Alivumilia mpaka arobaini na moja.

"Kidole," akasema.

"Kipi?"

"Hicho. Unaachia mapema. Mtu akikuona anaweza kulia."

Akanishika kidole, akakiweka panapotakiwa. Mkono wake ulikuwa baridi. Nati ilienda mbali, ikatua kwenye nyasi mahali nilipokuwa nimepatazama. Salma akaitazama ilipotua. Akarudi ndani.

Sikumfuata. Sikusema asante. Nilirusha tena.


Ijumaa, 18 Julai

Tena uwanjani. Saa nne mpaka saa saba.

Salma hufundisha kama mwalimu mkali wa hesabu. Hasifu. Nikikosea anavuta pumzi kwa pua. Kingine hanizungumzishi. Lakini anafundisha.

Mwishoni alisema, "Sawa. Umempata. Yuko kwenye boti. Sasa unafanya nini?"

Nikasema sijui.

Husna akalala kwenye nyasi, mikono imebana ubavuni, mdomo anaufungua na kuufunga. Hakuna aliyemwambia. Salma akamwaga maji ya chupa mikononi mwake, akanimwagia na mimi. Mikono ilowe kwanza, akasema, ukimshika na mikono mikavu unamtoa ngozi. Akapiga magoti. Mkono mmoja chini ya tumbo la mdogo wake, mwingine kwenye miguu. Kichwa kielekee maji yanakotoka. Usimsukume. Usimtikise. Unashika tu, unasubiri. Ukiona hana nguvu unasubiri zaidi. Ataondoka mwenyewe.

Tulisubiri. Husna akarusha miguu, akainuka akakimbia mpaka kwenye uzio.

Akarudi, akalala tena. Zamu yangu.

Nilimshika. Ni mwepesi. Nilihisi mbavu zake zikipanda na kushuka. Ana harufu ya sabuni ya kwetu sasa. Alikaa muda mrefu kuliko alivyokaa kwa dada yake, na sikusogea, magoti yakalowa maji, nikafikiri hatakwenda, na sehemu moja ya moyo ikaanza kufurahi, na hapo hapo akachomoka.

Salma alikuwa ananitazama mimi, si yeye.

"Sawa," akasema.


Jumapili, 20 Julai

Kikao kilikuwa saa nane, sebuleni kwa wifi. Alitandika mkeka mpya. Kahawa, kashata. Idrisa alivaa kanzu, mguu una bandeji. Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi, kurasa mbili, jinsi ninavyompenda baba yao, jinsi nitakavyojitahidi. Karatasi ilikuwa kwenye pochi.

Wifi akauliza. Salma akajibu, kwa Kiswahili, sentensi nzima nzima, akitazama mkeka. Watabaki kwa Shangazi mpaka mwaka wa shule uishe. Kila Ijumaa jioni watakuja Minto, watalala, watarudi Jumapili. Ufito wa mama ukae Minto. Mwaka ukiisha waulizwe tena.

Husna akasema yeye anasema hivyo hivyo.

Idrisa alitazama dari. Nilitaka kufungua pochi. Nilitaka kupiga magoti pale. Wifi akanigeukia, hana dhihaka usoni, akasema, "Na wewe, wifi, unasemaje?"

Nilifikiria mbavu za Husna.

Nikasema, "Sawa."

Salma akainua macho mara moja. Akachukua kashata.

Tumerudi wawili. Idrisa alilia ndani ya gari, nje ya nyumba, injini imezimwa. Nilimshika.

Sasa yuko bafuni, maji yanachuruzika. Nimeingia chumbani kwao kutandua shuka na nikaacha. Ufito umesimama kwenye kona. Mabegi hayapo. Droo ya juu haikuwa imefungwa vizuri. Ndani kuna glavu za kuvulia za Salma, zimekunjwa moja ndani ya nyingine, na soksi mbili za Husna.

Jikoni, kwenye mlango wa friji, wamebandika rula ya samaki kutoka kwenye boti. Sijui waliibandua lini. Kwenye sabini na tano kuna mstari mwekundu wa rangi ya kucha, na pembeni, kwa mwandiko wa Salma: akizidi hapa, mwachie.

Nimeuosha mchi nikaurudisha kwenye kinu. Nimekata vitunguu. Tunakula wawili leo.

Ijumaa nitapika kidogo.